Tuliingia Bustanini na Ndoa ya Watu

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, na nguo zote nilikuwa nimezivaa.

Niacheni nieleze polepole, nyinyi mlio mbali. Nimetoka kusukuma kiti cha magurudumu toka mjini mpaka kwetu Katuba, na viganja vimetoka malengelenge. (Nani alisema Lubumbashi ni tambarare? Aje asukume.)

Mnajua nyumbani tuna kilio. Mama yuko kaburini wiki ya tatu sasa. Tuliobaki nyumbani ni mimi, masufuria ya kukodi ambayo sijayarudisha kwa mwenyewe, na Papa, baba yangu. Na Papa, tangu tulipotoka makaburini, hajatamka neno. Si kwamba hawezi. Daktari wa zahanati alimpima kichwa, akamulika koo, akaniambia: "Kila kintu iko muzima. Muzee hataki tu." Uji anaumeza kidogo, kama mtu anayekufanyia hisani. Bukari, ugali wetu, anaitazama mpaka inapoa na kupasuka juu. Kila asubuhi shati lilelile linamzidi zaidi. Mimi nauza ndoo na mabeseni soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi; kupima kitu kwa jicho ndiyo kazi yangu. Papa alikuwa anapungua, na nilijua anaelekea wapi.

Kwa wasiomjua: Papa alikuwa mkagua tiketi kwenye treni, njia ya Kamina, mpaka alipostaafu. Sauti yake moja ilitosha mabehewa matatu. Akisema "Tiketi!", hata wenye tiketi walishtuka na kuanza kujipapasa. Siku moja alimshusha shemeji yake mwenyewe, pamoja na mbuzi wake, kwenye kituo cha porini kisicho hata na duka, kwa sababu alipanda bila kulipa. Mama alikataa kumpikia juma zima. Papa akala mkate mkavu, lakini hakuomba msamaha.

(Kumbukeni huyo shemeji. Mimi nilimsahau, ndiyo maana naandika haya.)

Jirani yangu Ya Ngoie ndiye aliyeleta wazo. "Umupeleke fasi alikuwa anapenda kwenda na marehemu. Pengine moyo itafunguka."

Najua mahali pamoja tu pa namna hiyo. Kila Jumapili baada ya misa, Papa na Mama walikuwa wanakwenda bustani ya mjini, wanaketi kwenye benchi moja pembeni ya bwawa, chini ya jakaranda. Mama alikuwa anabeba kikanda kwenye karatasi. (Kwa wale wa mbali: kikanda tunakipika kwa mizizi ya porini na karanga, kinakatwa vipande kama nyama, na mwenye njaa asiulize zaidi.) Watoto tulikuwa tunakimbizana kwenye majani. Hakuna aliyetuuliza kitu mlangoni. Hapakuwa hata na mlango, palikuwa na nguzo mbili na mbuzi.

Basi leo Jumamosi nikapika kikanda alfajiri, nikakifunga kwenye karatasi. Nikamwogesha Papa, nikamvika shati jeupe lenye kale kautepe keusi ka msiba kifuani. Mimi nikajifunga kitambaa changu cheusi kichwani. Kiti cha magurudumu tumeazimwa na parokia, maana miguu yake nayo imestaafu. Nikahesabu pesa: teksi ya kwenda, teksi ya kurudi. Nikahesabu tena. Zilitosha, hazikubaki hata za maji.

Tukafika. Mbuzi hawapo. Kuna geti la chuma, kidirisha, ubao wa bei, na mlinzi mwenye koti la kijani ambalo mikono yake imepita vidole.

"Mama, bei ya mukubwa njo ile. Muko babiri, ni mara mbili." ("Njo" ya kwetu ni "ndiyo" ya kwenu.)

"Bustani ya serikali! Munauzisha hewa sasa?"

"Hewa ni bure. Mulango njo inalipisha."

(Jibu zuri. Nikajua nimekutana na mtu wa kazi.)

"Chef, bwana mukubwa, huyu muzee alikuwa anaingia hapa mbele weye uzaliwe."

"Basi aliisha kuingia sana. Leo alipe."

"Muzee hasemi, hapigi picha, haimbi. Hata majani hatakanyaga, ona, miguu yake haigusi chini!"

Hapo nilijikata mwenyewe. Mlinzi akainama, akatazama miguu ya Papa. Kisha akatazama magurudumu. Kisha akageukia ubao, akafuata mistari kwa kidole: watu, baiskeli, pikipiki, motokari.

"Kumbe iko na mipira. Kintu ya mipira iko na bei yake."

"Kiti ya mugonjwa?!"

"Mama, miye sikuandika. Miye nasoma tu."

Nyuma yetu foleni ikaanza kuchemka. Mama mmoja mwenye watoto wanne kwenye sketi yake akapaza sauti: "Batoto bachezee wapi sasa? Mu barabara? Kila fasi ya kukaa bure munaitia kufuli!" Mzee mmoja mwenye kofia ya jua akamjibu: "Afazali balipishe. Mbele ya tiketi, humu ndani ilikuwa choo ya mji muzima. Mulikuwa munaruka mavi, munasahau?" Kilichoniudhi ni kwamba wote wawili walisema kweli.

"Na maji ya maua inatoka wapi?" mlinzi akauliza. "Na mushahara yangu?"

"Kwani unapata mushahara?" mama wa watoto akamuuliza.

Mlinzi akavuta mikono ya koti. "Mama, unauliza mambo mingi."

Nikamtazama Papa. Alikuwa anaangalia ndani ya geti, kule kwenye jakaranda. Uso hauna kitu. Lakini shingo yake ilikuwa imenyooka kidogo, na shingo hiyo ilikuwa imelala kifuani tangu tulipomzika Mama. Kumrudisha nyumbani pale isingekuwa kuokoa pesa. Ingekuwa kumrudisha kitandani asiamke. Na kulipa kulikuwa kurudi kwa miguu.

Ndipo honi zikalia.

Mnajua Jumamosi ya kwetu. Watu wakitoka kuandikisha ndoa kwenye komini, ofisi ya serikali ya mtaa, lazima waje kupiga picha kwenye maua. Motokari zikasimama, utepe mweupe, tarumbeta, vigelegele. Upande wa bibi harusi wote katika kitenge cha njano, upande wa bwana wote katika kitenge cha buluu. Ndoa inalipa kwa jumla, bei moja, geti linafunguliwa lote. Mlinzi akalifungua lote.

Sitasema shetani alinishika. Bei ndiyo ilinishika.

Nikavua kitambaa cheusi, nikakisokomeza chini ya mto wa kiti. (Mama, nisamehe. Lakini hata weye ulikuwa huwezi kuona tundu kwenye ukuta wa bei ukaliacha.) Nikasukuma. Tukaingia katikati ya njano na buluu, nikipiga vigelegele kuliko shangazi yeyote. Msichana mmoja wa arusi akamwona Papa, akasema "Muzee wetu!", akambandika ua jeupe kifuani, juu ya kautepe keusi hasa. Nikasema moyoni: hata Mungu yuko upande wa punguzo.

Ndani pamependeza, nisiwe mwongo. Majani yamekatwa, hakuna mavi. Nikaanza kupinda kuelekea bwawani, taratibu, kama mtu anayetafuta kivuli. Hatukufika. Mama mmoja mnene wa kitenge cha njano akanisimamia mbele na sinia la bilauri.

"Karibu, mama. Miye tantine, shangazi ya bibi arusi. Na mweye, muko ba upande gani?"

Nikatazama njano. Nikatazama buluu. Kitenge changu ni cha kahawia.

"Ba pande zote mbili," nikasema.

"Ee! Kumbe njo mweye munaunganisha famille, jamaa zote mbili!" Akanipa juisi. (Niliinywa. Nilikuwa na kiu, na nilishaingia dhambini na nguo zote.)

Mpiga picha akaita watu wote. Kisha msimamizi wa itifaki, kijana mrefu mwenye tai inayong'aa, akazunguka akiuliza: "Muzee eko wapi? Hatupige picha bila muzee!" Kumbe babu wa bwana alikuwa mgonjwa, amebaki nyumbani, na babu wa bibi harusi alikwisha kufa zamani. Macho yote yakatafuta mvi. Mvi zilikuwa zimekaa kwenye kiti changu, na ua kifuani.

"Njo huyu!"

Wakaninyang'anya kiti. Wakamweka Papa katikati, bibi harusi huku, bwana harusi kule. Kijana wa itifaki akainua mikono, watu wakanyamaza, hata tarumbeta.

"Mbele ya picha, muzee atupe neno ya baraka."

Nikaruka. "Papa hasemi, chef. Iko mugonjwa."

"Neno moja tu, tantine. Ya muzee, moja inatosha."

Basi Papa akainua kichwa.

Nikaona koo lake linapanda na kushuka. Midomo ikaachana. Wiki tatu nimepiga magoti nikiomba: Mungu, aseme neno, neno lolote. (Mimi! Ninayebishana dakika ishirini juu ya ndoo iliyopasuka, kwa hilo tu niliomba bila kutaja masharti.)

Sauti ikatoka na kutu, kama mlango wa behewa lililoachwa kwenye majani.

"Tiketi yangu iko wapi?"

Watu wakacheka kidogo. Walidhani ni mfano, wazee huanza baraka kwa mafumbo. Papa hakuwa anawatazama wao. Alikuwa ananitazama mimi.

"Papa..." nikasema.

"TIKETI!"

Ile sauti. Ile ya mabehewa matatu. Njiwa wakaruka kwenye jakaranda. Mpiga picha akajipapasa mifuko. Bwana harusi naye, katika suti yake mpya, akajipapasa mifuko.

"Huyu mutoto yangu ameniingiza humu bila tiketi," Papa akatangaza. "Siye hatuko ba ndoa hii. Siye tuko na kilio." Akang'oa ua, kautepe keusi kakaonekana. "Bibi yangu alikufa."

Ilikuwa mara ya kwanza aseme hivyo kwa kinywa chake. Nilitaka kulia pale pale. Sikupata nafasi, maana shangazi wa bibi harusi alikuwa amenikamata mkono.

"Unaleta kilio ku ndoa ya mutoto? Weye mama, uko na kichwa kweli?"

"Apana, mama, si kilio sana..."

"Na kile ni nini?"

Nikageuka. Kitambaa changu cheusi kilikuwa kimechomoka chini ya mto, kimejifunga kwenye gurudumu, na tangu getini kilikuwa kinaburutwa nyuma yetu kama mkia. Ndoa nzima ilikuwa imekikanyaga. Shangazi akaninyang'anya bilauri yake, ingawa haikuwa na kitu.

Mlinzi akafika mbio, mikono ya koti ikipepea. Nyuma yake wale wa foleni wenye pesa. (Hao walilipa vizuri, ili waone vizuri.)

Nikajaribu kuokoa kinachookoka. "Chef, tusemezane. Nusu ya muzee, na kiti tuisamehe..."

"Apana," akasema Papa. "Mwenye kukamatwa bila tiketi analipa mara mbili. Njo sheria."

Mlinzi akakuna kichwa. "Muzee, hapa hatuna ile sheria."

"Leo muko nayo."

"Papa, ni pesa ya teksi!"

"Na kiti?" mlinzi akauliza kwa sauti ndogo. Hakuniuliza mimi.

"Kiti iko na mipira," Papa akasema. "Lipa."

Kumbe alikuwa anasikia yote! Wiki tatu! Masikio yalikuwa yanafanya kazi siku zote, na mimi nimesema mbele yake mambo mengi juu ya shemeji zake.

Nikafungua fundo la kitenge changu mbele ya njano na buluu na foleni. Mama mmoja wa foleni akanong'ona, "Pole, dada." Hiyo iliniuma kuliko kofi. Mlinzi akakata tiketi. Papa akaichukua yake, akaigeuza mbele na nyuma, akaitia mfuko wa shati, chini ya kautepe. Kisha akashika magurudumu kwa mikono yake mwenyewe, akakigeuza kiti kumwelekea bibi harusi, ambaye rangi za macho zilikuwa zimemshuka mpaka kidevuni.

"Sasa niko ndani na haki. Naweza kusema."

"Mwenye kilio habariki!" shangazi akapiga kelele.

"Tantine, muache aseme," bibi harusi akasema.

Papa akajinyoosha kitini. Alikuwa anapumua kwa nguvu, kama mtu aliyepanda ngazi.

"Mumepanda treni moja," akasema. "Hata ikichelewa, hata ikilala porini, musishuke kila mutu station yake. Wangu alishuka mbele yangu. Miye niko nabaki mu behewa peke yangu, na mizigo yake yote." Akagusa kautepe keusi. "Musukumane, mugombane, lakini mufike pamoja."

Hakuna aliyepiga vigelegele. Mpiga tarumbeta alivua kofia. Shangazi akaniachia mkono, akafuta macho kwa kona ya kitenge chake, halafu kwa kona ya changu. Picha wakapiga. Hatukuitwa tena tukae ndani yake.

Nikamsukuma mpaka bwawani. Na hapo, ndugu zangu, hapakuwa na benchi. Palikuwa na miguu ya chuma tu, imesimama kwenye majani, inangoja mtu wa kuketi. Mbao zote zimekwenda. Bwawa lenyewe lina maji ya kufunika kisigino.

Papa alitazama ile miguu ya chuma muda mrefu. Nikaogopa. Nikasema sasa ananyamaza tena, na safari hii kabisa.

"Mama yenu alikuwa anakaa huku," akasema, akionyesha hewa ya kushoto. "Sababu sikio yangu ya kuume ilikuwa haisikie muzuri." Kisha akageuza kichwa. "Chef! Kuya hapa!"

Mlinzi akaja. Akasimama wima mwenyewe, bila kuambiwa.

"Benchi iko wapi?"

"Balibeba mbao, muzee. Bei ya makaa imepanda, bantu banapikia nini?"

"Nimelipa mara mbili. Nataka mbao." Akatoa tiketi, akampungia. "Mwenye kuingia bure anaomba. Mwenye tiketi anadai. Miye nadai."

Sikuweza kunyamaza, niko hivyo. "Na mwenye kukosa ya kulipa, Papa? Yule mama wa getini na batoto bake, atadai nini? Hata kuomba hajaingia."

Maana alibaki nje. Nilikuwa nimemwona, ametandika kanga yake kwenye vumbi nje ya geti, watoto wanatazama maua kwenye matundu ya chuma.

Papa akatafuna swali hilo bila kitu mdomoni. "Mutoto mudogo, hata ku treni tulikuwa tunamubeba bure," akasema mwisho. "Na mama yake, chef, unafunga jicho moja."

"Na weye, muzee, ulikuwa unafunga?"

"Apana." Akatazama tena hewa ya kushoto. "Bibi yangu alikuwa ananiambia nifunge."

Mlinzi akaondoka. Kama aliwafungulia au la, sikuona, kwa sababu Papa alikuwa amenyoosha mkono, kiganja juu, bila kunitazama. Sikuelewa upesi. Kisha nikafungua karatasi, nikamwekea kipande cha kikanda.

Akakila. Akanyoosha mkono tena. Mimi nikageukia jakaranda, nikajifanya kuna kitu kwenye jicho.

"Ya mama yenu ilikuwa na pilipili," akasema.

"Ndiyo, Papa."

"Hii haina."

"Ndiyo, Papa."

"Kesho utie."

Hivyo ndivyo tulivyorudi Katuba kwa miguu, kwenye jua la saa nane, mimi nasukuma na yeye anaongea. Njia nzima! Mashimo ya barabara, bei ya teksi, ushonaji wa kitenge cha njano, gurudumu la kushoto linalolia. Nilipopumzika akauliza kama tumepata ajali. Na kila aliyetuamkia alisimamishwa na kupewa habari toka mwanzo: "Mutoto yangu, huyu huyu, nilimukamata leo bila tiketi." Kitambaa changu nimekifua, alama za viatu vya ndoa hazijatoka.

Wiki tatu avenyu nzima imeomba huyu mzee aseme. Sasa yuko nje kwenye kiti, anasema, na majirani wamekuja na viti vyao.

Basi nawaomba nyinyi mlio mbali, msicheke. Anayeshindwa kujizuia, alipe kwanza. Mara mbili.